Zamu ya Mwanamke wa Kisimani

Bulla Iftin, Garissa
Jumamosi

Kwa Aabo, baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umeacha kukusumbua, na mama yetu Hooyo bado anakukataza chai ya sukari nyingi nawe bado unaenda kuinywa kwa majirani. Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile, na cherehani yangu inalalamika kuliko mimi.

Ningepiga simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka mtaa mzima unaitikia salamu. Mambo ya leo ni ya macho yako peke yako. Dereva wa pikapu akikupa bahasha, mtume kwanza mdogo wangu Yahye sokoni, ndipo uifungue.

Habari ni kwamba kikundi chetu hatimaye kimecheza ule mchezo wa mzimu. Nilikwambia mimi nawashonea nguo tu. Hilo lilikuwa kweli, au karibu kweli, kwa wiki mbili za mwanzo.

Kiongozi wetu ni Mohamednoor, fundi wa televisheni. Kazi ya kuongoza waigizaji alijifunza kwa kutazama filamu kwenye televisheni za wateja, nyingi zikiwa zimekufa sauti, ndiyo maana waigizaji wake wote hupunga mikono kama watu wanaozama. Mchezo wenyewe unahusu msimamizi wa kisima cha mashine wakati wa ukame. Mwanamke msafiri anafika, anaomba maji ya kunywa. Msimamizi anamwambia asubiri ngamia wa tajiri wamalize zamu yao. Anasubiri chini ya ukuta, anafia hapo hapo. Tangu siku hiyo, kila mashine ikiwashwa, mwanamke anatokea na kuuliza kama zamu yake imefika.

Msimamizi ni Dubow, muuza nyama ya ngamia. Ana kifua kama mlango wa lori, lakini akisikia neno jini anatafuta viatu. Kabla ya kila zoezi alisoma Ayatul Kursi, wenzake wakamfuata, mpaka Mohamednoor akalalamika kwamba mzimu wake hana tena pa kupitia. Dubow akamjibu kwamba yeye hapa analipwa soda moja, na kwa soda moja hakutani na jini bila kinga.

Sheikh naye alituita. Akasema wafu hawarudi, sasa sisi tunawafundisha watoto nini? Mohamednoor akaeleza kwamba huyo si maiti aliyerudi, ni dhamira ya msimamizi inayomsuta. Sheikh akasema dhamira anaijua, tuendelee, ila tumalize kabla ya Magharibi. Kwa hiyo mzimu wetu alipangiwa kutokea saa kumi na nusu alasiri, jua likiwaka ukumbini kupitia madirisha yasiyo na pazia hata moja.

Siku nne kabla ya onyesho, Ramla aliyekuwa mzimu akajitoa. Mama wa mchumba wake alisema hakumlea mwanawe aje aoe jini. Wote wakanigeukia mimi, maana nguo niliishona mwenyewe na maneno nilikuwa nayajua yote. Najua unavyoona binti yako kusimama mbele za watu, Aabo. Nilisimama. Nilijifunika gubigubi, hata wewe usingenijua.

Nikatokea, nikauliza, "Zamu yangu imefika?" Dubow alitakiwa kuniambia bado, mara tatu, halafu nitoweke. Aliposema bado mara ya pili, akasimama Mama Hawo, yule mzee muuza maziwa. Akamuuliza Dubow kama alizaliwa na mwanamke au na jiwe, na tangu lini mtu mwenye kiu akangoja ngamia wanywe. Akapanda jukwaani na chupa yake ya maji, akanishindilia mkononi, akaniamuru nikae kitako ninywe polepole. Nikanywa. Ukumbi mzima ukasema bismillahi. Dubow akalia kilio ambacho hatukukifanyia zoezi.

Mohamednoor alikasirika hadi jioni. Asubuhi akaamua kwamba huo ndio mwisho wa mchezo. Kuanzia sasa mzimu hatoweki. Atauliza, kisha atangoja mpaka mtu wa kweli anyanyuke kitini amletee maji.

Sasa Aabo, kaa chini. Mchezo huo niliuandika mimi. Mwaka ule ulipolazwa na malaria, Hooyo alikuwa ametoka kukuletea uji, na homa ikakufanya udhani mimi ndiye yeye. Ukanieleza yote: kisima ulichokisimamia, ngamia themanini wa tajiri, mwanamke mwenye punda wawili. Ukasema alikuuliza mara mbili, na mara ya tatu hakuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kumi na mmoja imepita nikiwa kimya, nikikutazama, kila asubuhi niliyokuwa nyumbani, unaweka mtungi wa maji nje ya geti kwa wapita njia, ukitukaripia tukichelewa kuujaza.

Jina lako halimo, wala la kisima. Wenzangu hawajui kwamba ni kisa chako. Lakini Alhamisi ijayo, baada ya Alasiri, tunacheza hapo kwenu Wajir, na huko wapo wazee watakaokumbuka. Unaweza kunikataza. Kwa mara ya kwanza sitakutii, unisamehe. Siji kukuaibisha. Nimemwomba Mohamednoor awazuie watu wenye huruma ya haraka, na kiti cha kwanza, karibu na ngazi, kiwe chako. Nitauliza, halafu nitangoja. Hata ukumbi ukibaki mtupu nitangoja.

Nisalimie Hooyo, umwambie kitenge chake kiko tayari nitakuja nacho. Yahye naye msalimie, atakuwa amerudi kutoka sokoni akiuliza alitumwa nini.

Chupa ya dukani usinunue, Aabo. Chota kwenye mtungi wa getini.

Binti yako,
Samsam