Mwiba wa Mlimau

Munje, Jumatano, 10 Juni 1964

Sijamwambia mtu yeyote kwamba kila alfajiri, baada ya sala, ninakimbia ufuoni peke yangu. Si kwa mashindano. Ninapenda tu, na ninaona haya kuulizwa, "Wakimbia nini, wafukuzwa na nani?"

Kwa hiyo Jumamosi, nilipokanyaga mwambani mwiba wa baharini, wa yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, nilimwambia mama ni mwiba wa mlimau. Amekuwa akiuchokoa kwa sindano tangu siku hiyo. Unakatika vipande humo ndani, na wayo umevimba. Ninaogopa sitakimbia tena.

Leo bibi amekuja kutoka Mkwiro. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiutazama mguu wangu.

"Mlimau gani huu wenye miiba myeusi?"

Nikauvuta mguu nyuma.

"Nyamaza mpaka uoze! Wa baharini hautolewi kwa sindano, mwanangu. Hupakwa utomvu wa papai bichi. Mkwiro hata watoto wajua. Wewe na vitabu vyako!"

Siku nne nimezipoteza kwa aibu yangu mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko sindano. Miguu ni yangu, na nitakimbia, wacheke wasicheke.

Bibi alipokwenda kutawadha, nilimweleza mama yote.

"Kila alfajiri?" akasema. "Nami nikidhani wabaki msikitini wasoma Kurani!"

Nilichechemea hadi kwenye mpapai, nikachanja papai bichi, nikapaka utomvu kwenye wayo, nikaufunga kwa kitambaa.