Nimeombewa Dua kwa Ajili ya Pampu Iliyoungua

Mpendwa Bi Hadil, naomba msaada wako, na naomba pia jina langu lisitajwe, maana mimi ni mke wa mtu hapa Amu na haya nitakayokueleza sijamwambia hata mama yangu.

Uani kwangu nina kidimbwi cha kuogelea, si cha fahari, ni kidogo tu chenye kuta ndefu pande zote, nilikichimbisha baada ya boti ya abiria niliyopanda kutoka Mtangawanda kuingia maji, tukawa wanawake tumejaa humo tunalia, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea ilhali sote tumezaliwa kisiwani. Tangu hapo nawafundisha wanawake na wasichana wa mtaani kila alasiri, wanakuja, wanavua mabuibui, wanarukia maji na kucheka wapendavyo, na hakuna mwanamume anayewaona. Sasa mwezi uliopita pampu ya kidimbwi, iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi mpaka Magharibi, ilitoa moshi ikanyamaza, fundi Taha akaifungua akasema mota imeungua na beringi zilikuwa zimekwisha kitambo, haitengenezeki, nitafute nyingine, na maji yakaanza kuwa kijani nikawaambia wasichana wasije kwanza.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Pampu ile ilifungwa kwenye ukuta ninaoshirikiana na jirani yangu, nimwite Bi Mwanatumu, ambaye amefiwa na mumewe na yuko edani, na chumba anachokaa kiko nyuma ya ukuta huohuo, na mimi wallahi sikuwahi kulifikiria hilo kwa kuwa yeye hakuwahi kulalamika. Baada ya pampu kuungua akaniletea mkate wa sinia, mzima, nami nikashangaa, kwani mfiwa ndiye wa kupelekewa chakula, nikaenda kumrudishia sahani yake na mahamri juu, nikaketi naye, akanishika mkono akaniambia, "Mngu akulipe kheri, mwanangu. Umeizima ile mashine kwa eda yangu, nami sikukwambia neno. Sasa nikimsomea marehemu, sauti yangu naisikia." Akaniombea dua ndefu, mimi na wazazi wangu na watoto wangu, na mimi, Bi Hadil, badala ya kumwambia kwamba pampu imeungua, niliitikia Amin. Kila alipovuta pumzi niliitikia! Alipomaliza akauliza, "Na wale wasichana wako, mbona hawayi tena? Ndia hini imekuwa kimya," nikasema wapo, hawajambo, nikaaga, nikatoka mbio.

Sasa mtaa mzima unanisifu, nikipita dukani naambiwa mimi ndiye jirani wa kweli, na mke wa maalim amenitaja kuwa mfano katika darsa la wanawake, nami nimekaa palepale nikiutazama mkeka. Na huku mume wangu, ambaye ana boti za abiria na huchagua kila kitu kama anavyochagua injini, amemwagiza mtu Mombasa amwekee pampu yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, anasema ndogo itatutia aibu, na anataka fundi aifunge palepale ukutani kwa sababu mabomba yapo tayari. Tukiifunga, Bi Mwanatumu atajua kwamba nilimdanganya, na atasoma Qur'ani yake juu ya mngurumo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tusipofunga kitu, wasichana watabaki kama nilivyokuwa mimi ndani ya boti ile. Nimekonda. Ninunue pampu gani, na uso wangu niuweke wapi?

Aliyeitikia Amin,
Amu

*

Ewe Uliyeitikia Amin,

Kwanza uniwie radhi, nimecheka. Pili, jina lako nimelificha kama ulivyotaka, lakini kidimbwi cha wanawake mtaani kwenu nadhani ni kimoja tu, kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa vaa buibui lako utoke, kabla mtu hajamsomea Bi Mwanatumu gazeti.

Sikulaumu kwa kukwama ulimi mbele ya mfiwa. Nani angemkatiza mjane katikati ya dua amweleze habari za mota? Nakulaumu kwa kufunga mashine kwenye ukuta wa mtu, kisha ukangoja alalamike. Mwanamke wa Amu aliyelelewa vizuri akulalamikie wewe, na mumewe ndiyo kwanza kazikwa? Ungengoja sana. Siku ya matanga ndiyo ulipaswa kwenda kumuuliza.

Tuje kwenye pampu. Mwambie Bwana mwenye boti, kwa heshima zake zote, kwamba pampu haiendi Mtangawanda. Maji yako hayana safari, yanazunguka papo hapo, na yanatakiwa yapite kwenye chujio polepole. Pampu ikizidi nguvu itayasukuma kwa kasi mpaka uchafu upenye mchanga wa chujio urudi kidimbwini, mabomba yatalia, na bili ya stima ataisoma yeye mwenyewe. Basi simu ipigwe Mombasa leo, ile kubwa isipakiwe. Fundi Taha apime urefu, upana na kina cha kidimbwi ajue kina maji kiasi gani, kisha asome kibandiko cha chujio kinachosema linapokea maji kiasi gani kwa saa, na pampu isizidi hapo. Mkiweza, nunueni ile inayobadilishwa mwendo, mwiache izunguke taratibu kwa saa nyingi. Dukani ni ghali, ila stima inakula kidogo na sauti yake ni ya feni. Msipoiweza, chukueni ndogo ya kawaida. Na kama maji ya kisima chako yana chumvi, uliza kabla ya kulipa kama sili zake, ile mipira inayozuia maji yasivuje, zinaistahimili.

Kelele zile, nyingi zilikuwa za beringi mbovu, fundi alikwambia lakini hukumsikiliza. Zilizobaki zilikuwa za ukuta uliotetemeshwa na mashine. Mpya usiifunge ukutani hata kidogo. Iweke chini, juu ya mpira mnene, kwenye pembe ya mbali na jirani, penye kivuli na hewa, na bomba lirefushwe lifike huko. Mume akisema mabomba ya zamani yapo tayari, mwambie na Bi Mwanatumu yupo. Na asiingie msichana yeyote kwenye maji hayo ya kijani mpaka yasafike uione sakafu.

Kuhusu uso wako, huna haja ya hotuba. Keti naye umwambie: "Bi, siku ile sikuizima, iliungua, na nilishindwa kukwambia. Ila naleta nyingine, na nimekuja kukuuliza saa zako za kusoma, ili saa hizo niizime kweli." Inatosha. Mtaa nao utasikia, watacheka siku mbili watachoka. Dua uliyoitikia hairudishwi, lakini tangu leo utakuwa unafanya lile uliloombewa.

Sasa nikupe raha. Hebu isome tena barua yako. Umeandika kwa mkono wako alichokuuliza Bi Mwanatumu, kisha ukakipita haraka kwa hofu yako. Alishukuru mashine kunyamaza, hakushukuru kidimbwi kufungwa. Huyu ni mjane asiyetoka nje, na kumbe kila alasiri vicheko vya wasichana vilikuwa vikivuka ukuta kumfikia, na sasa anaona njia imekuwa kimya. Wewe umekonda ukidhani lazima uchague kati yake na wasichana, na mwenzako anawauliza wasichana hao. Hakuna cha kuchagua hapa zaidi ya pampu. Kula, unenepe.

Amekuuliza mbona hawaji, ukakimbia. Rudi ukamjibu.