Zaituni Asipande Basi la Mbeya

Mbeya, mvua inanyesha tangu asubuhi.

Kwa mdogo wangu Mwanahawa, Vihingo, Kisarawe.

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo weye? Mgongo umetulia? Shemeji Athumani kikohozi kimemwacha, au bado anajifanya kiziwi ukimwambia aache sigara? Mihogo ya bondeni mmeipalilia, au nguruwe wamewatangulia? Miye nipo. Nikikwambia mzima nitakuwa nakudanganya, nikikwambia mgonjwa utaanza kulia na barua haitasomwa mpaka mwisho. Tuseme nipo.

Anayeniandikia ni Mama Neema, jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Na kwa kuwa weye na miye hatukupelekwa shule, tulipelekwa shamba, najua anayekusomea ni mjukuu wetu Zaituni, unayemlea. Haya, Zaituni, marahaba na weye, mke mwenzangu. Soma kwa sauti, usimung'unye. Barua hii inakuhusu weye, na pahala utakapotaka kuparuka ndipo upaze sauti zaidi.

Mwanahawa, nianze na jambo lenyewe, maana weye ukisomewa kitu kirefu unasinzia. Mwanangu Seifu anakuja huko kumchukua Zaituni amlete huku. Usimpe.

Ningekupigia simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu zangu. Na simu ya huku ni ya Asha, mkwe wangu, akiwa kasimama pembeni. Mume wa Mama Neema anateremsha viazi Dar kwa lori, atamwachia Hamisi barua hii pale Visiga. Hamisi nimemwagiza ailete kwa bodaboda yake na asimwambie Seifu lolote. Mwanangu yule ni mwema, ila mbele ya kaka yake huyo anakuwa kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa sikiliza nilivyofika huku, kwa sababu ndivyo na Zaituni atakavyofikishwa.

Unakumbuka nilitoka Vihingo kwenda Visiga kumtazama Asha arobaini yake, alipomzaa Nasra. Nilifungasha kanga mbili na sufuria yangu. Arobaini ikaisha, nikaambiwa mama subiri kidogo, mtoto ana vipele. Vipele vikaisha, mama subiri kidogo, Asha anarudi kazini dukani. Nikasubiri. Kisha kampuni ya Seifu, ile ya mbegu na dawa za mashamba, ikamwambia achague: abaki Visiga awe anakwenda Dar kila siku, au ahamie Mbeya.

Wakakaa barazani Jumapili moja baada ya chakula, mtu na mkewe, wakaanza kupima. Miye nilikuwa hapohapo natwanga kisamvu.

"Huku joto linatuua," Asha akasema. "Mtoto halali."

"Na feni usiku kucha, umeme hautoshi," akasema Seifu. "Mbeya feni ya nini? Hata mbu wenyewe wa kuhesabu."

"Na nauli yako ya kila siku."

"Ndiyo nakwambia. Kule kodi nafuu, mchele uko mlangoni, maharage, viazi, maziwa. Tutaishi kama watu."

Asha akafikiri. Akasema, "Na mtoto atakaa na nani?"

"Si mama yupo."

Basi, Mwanahawa. Hivyo tu. Hakugeuka hata kunitazama. Jua walilipima, mbu wakawapima, nauli wakaipima, miye sikupimwa. Miye nilikuwa kama jiko, linahama na wenye nyumba. Nikaendelea kutwanga. Ningesema nini? Nilijiambia, mwanao huyo, na mjukuu huyo, na Mbeya nako wanaishi watu.

Wanaishi, sikatai. Mama Neema huyu ni mwenyeji wa huku na ana moyo kuliko ndugu zangu kadhaa ambao sitawataja. Chakula kipo, sitasema uongo. Viazi vya huku ukivichemsha vinacheka vyenyewe. Mchele ukiupika harufu inafika barabarani. Maparachichi wanakupa bure kama vile wanayatupa. Lakini ukitaka nazi, utaonyeshwa kitu kimezeeka njiani, ukikitikisa hakina hata maji, na bei yake wanaitaja bila haya. Kisamvu nimekila bila nazi mpaka nimeacha kukitamani. Samaki ndiyo usiniulize.

Hayo ni ya mdomo, mtu anayazoea. Baridi ndiyo sikuizoea. Wakati wa kipupwe kule kwetu tunajifunika kanga ya pili na kulalamika. Huku inaingia kwenye mifupa na kupanga chumba. Navaa koti kuukuu la Seifu, soksi, na kandambili juu ya soksi, na kitambaa kichwani mpaka watoto wa mtaani wananiita bibi blanketi. Maji ya kutawadha alfajiri yanauma kama wembe. Feni hatuna, kweli. Lakini mkaa unakwisha kabla hujaujua, maji ya kuoga ya kila mtu lazima yachemshwe, masweta ya mtoto, viatu, mablanketi. Na jiko ndani ya chumba haliruhusiwi kwa sababu ya ile hewa yake inayoua watu usingizini, kwa hiyo moto uko nje chini ya kibaraza na bibi blanketi yuko nao nje.

Basi kile walichookoa kwenye kodi kikamezwa na baridi. Wakaanza kupunguza. Pampasi za mtoto zikaondolewa, zikaja nepi za kitambaa. Nani anazifua? Mwezi wa saba vidole vyangu vilivimba mpaka pete ya marehemu mume wangu ikanibana, kidole kikawa cheusi. Asha akanipeleka kwa fundi baiskeli akaikata kwa koleo. Ile pete, Mwanahawa. Uliniona nikivishwa, ulikuwa umeshika ungo. Seifu aliporudi jioni nikamwonyesha vipande viwili. Akasema, "Pole mama, nitakununulia nyingine." Nikamjibu, na baba yako utaninunulia mwingine?

Mama Neema anasema nisiandike hayo, ni ya ndani. Nimemwambia andika.

Siku moja alikuja kutembea mwenzake Asha wa duka alilopata kazi huku. Akamsifu, nyumba safi, mtoto kanawiri, akauliza, "Dada wa kazi mnamlipaje jamani, mimi wangu kanishinda." Asha akacheka akasema, "Sisi hatuna, tuna mama." Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimempakata Nasra, nikasema kimoyomoyo, kumbe ndilo jina langu huku. Hatuna, tuna mama.

Magoti yalipokataa kabisa, nikamwita Seifu, nikamwambia mwanangu nirudishe Vihingo. Nikajiandaa kwa ugomvi. Loo, hakugomba! Akanishika mkono, sauti laini kama ya mchumba, akasema, "Sawa mama. Umechoka, ni haki yako. Nitakwenda kumchukua Zaituni kwa mama mdogo, akusaidie kwanza, kisha wewe ukapumzike."

Nikamwambia Zaituni kafaulu, anaingia kidato cha kwanza.

"Atasoma huku huku mama. Huku shule nyingi, na hali ya hewa nzuri, mtoto anaelewa darasani, si joto lile la Pwani."

Nikafurahi, mjinga miye. Nikafurahi kutwa nzima. Kesho yake Asha yuko jikoni nikamuuliza, nikitaka tu kusikia tena neno tamu: "Mwanangu, mmemtafutia shule gani?"

Akakoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Tutaona mwakani, mama."

"Mwakani ndiyo Januari hii?"

"Mwakani ule mwingine. Nasra akishakua kidogo."

"Na huu wa katikati?"

Akaweka mwiko chini. Akasema, "Mama, nikikudanganya Mungu ananiona. Mimi nami sina mtu. Nikiacha kazi, mshahara wa Seifu peke yake hautoshi, na mtu wa kumlipa hatumuwezi. Ungefanyaje?"

Mwanahawa, sikumchukia. Yule ni mtoto wa watu kachoka, anatoka giza anarudi giza. Lakini nikamwambia, ningefanya lolote ila si kumtoa mtoto wa mwenzangu darasani nimpe nepi. Unajua weye na miye tulitolewaje. Sisi hatukuingia hata mlangoni, tulipewa majembe mafupi yaliyokatwa mipini ili yatutoshe. Miye leo nikitaka kumtukana mwanangu kwa barua, lazima nimwombe fundi cherehani.

Kwa Mama Neema yuko ndugu yake, mtu mzima, ana wajukuu wake, yuko tayari kuja asubuhi na jioni arudi kwake, kwa malipo ya kueleweka. Nikampelekea Seifu habari hiyo. Akasema, "Mama, huyo atatula." Nikamwambia, na miye mmenila kwa chumvi gani? Akacheka, akadhani nafanya utani.

Sasa weka akili hapa. Nakujua. Seifu hatakuja na maneno mabaya, anakupenda, na weye unampenda kuliko unavyompenda Hamisi, usibishe. Alikuezekea nyumba kwa bati na kila mvua ikinyesha unamwombea dua. Atakaa kwenye mkeka wako, atakula ugali wa bada la muhogo na mchuzi, atakusifu. Kisha atakwambia, "Mama mdogo, dada yako anateseka. Magoti yameisha, vidole vimevimba, baridi inamuua. Nipe Zaituni tumpumzishe."

Na kila neno litakuwa kweli. Hapo ndipo atakapokupata, kwa sababu utanilia miye na utamtoa mtoto kwa huruma yangu. Ndiyo maana nimekuandikia mateso yangu yote bila kuficha, ili asije akakushtua nayo. Umeshayasikia. Umeshalia, najua, futa machozi. Sasa akikusimulia umwambie: nayajua, na jibu ni hapana.

Akikukumbusha bati, mwambie dada yangu ameshazilipia kwa kufua nepi.

Akija na begi tupu, lisirudi tupu, mtie mihogo, mtie nazi nane kumi za kwako zenye maji, mtie na pweza mkavu kama yupo kwa shemeji. Nguo za mtoto zisiingie humo.

Miye nimeshamwambia Seifu. Juzi, mezani, mbele ya mkewe. Nilimwambia, kama ni miye au Zaituni, basi ni miye. Sirudi Vihingo mpaka Nasra aingie chekechea, au mpaka mumwajiri yule ndugu wa Mama Neema. Akaniambia mama unakuwa mkaidi, unajiua. Nikamwambia nakufa taratibu, usinihimize. Asha aliinuka akaenda chumbani, akatoka macho mekundu, na tangu siku ile nepi anazifua yeye kabla hajaenda kazini. Sikumwomba. Kwa hiyo huenda mmoja wao anasikia. Lakini Seifu haniamini, anasema nikimwona Zaituni mlangoni nitafurahi nisahau. Nitafurahi, ndiyo. Ndiyo maana asifike mlangoni.

Nisalimie shemeji Athumani, mwambie akimruhusu Seifu kwa ajili ya pakiti ya sigara nitakuja kwa miguu kutoka huku. Nisalimie mwalimu aliyemfundisha Zaituni, simjui jina, mwambie bibi yake anamshukuru. Nisalimie yule somo wako wa jirani, mgomvi, mwambie kuku wangu mweupe bado namdai. Mwanangu Hamisi akikuletea barua hii mpe chakula, usimwache aondoke na njaa, anajifanya ameshiba. Kwenye kaburi la mume wangu pita unifyekee majani, umwambie pete imekatika, siyo miye niliyeivua.

Na weye Zaituni, unayesoma. Ukimsikia baba yako mkubwa Seifu anasema bibi anaumwa, moyo wako utakwambia upande basi mwenyewe hata wasipokutuma. Nakujua, weye ndiye uliyelala na miye nilipokuwa na homa, ukikataa kwenda kucheza. Usije. Kuniuguza kwako ni kukaa kwenye dawati. Jifunze kuandika barua vizuri, ili ukubwani ukitaka kumwambia mtu hapana, usitafute wa kukuandikia. Na ukiwa umeruka mstari wowote humu ili bibi yako asilie, rudi uusome.

Mungu awaweke. Mvua bado inanyesha na Nasra ameamka, ananiita.

Ni miye dada yako, Mwantumu, niliyeletwa Mbeya bila kuulizwa, na niliyebaki Mbeya kwa kutaka mwenyewe.