Mkono Uliopakwa Mafuta

Jumanne jioni, Ruiru

Kosa la wengi wetu ni kujipaka mafuta kabla ya kwenda kupimwa ngozi. Hata mimi, mwalimu mstaafu, nililifanya. Lakini nani huenda kwa daktari mkono umepauka, kama mtu asiye na kwake?

Kipimo chenyewe hakitoboi. Unalaza mkono juu ya kisanduku, kinaumulika, na ngozi inarudisha mwanga hafifu. Sukari iliyozidi mwilini kwa miaka huacha mabaki kwenye ngozi, na ndiyo yanayong'aa. Yakiwa mengi, huenda moyo na mishipa imeanza kuharibika.

Wiki jana, kule Thika, mwanga wangu ulikuwa juu mno. Nikaambiwa nirudi leo. Siku zote hizo nimekuwa nikimfikiria marehemu kaka, na mguu wake uliokatwa kwa sababu ya sukari.

Leo muuguzi, ambaye huniita Guka, yaani babu, alinishika mkono, akaunusa.

"Guka, umejipaka nini?"

"Mafuta tu."

"Na wiki jana?"

"Kila siku tangu nizaliwe."

Alicheka mpaka akaegemea meza. "Kumbe tulipima chupa yako ya mafuta! Mafuta mengine pia hung'aa, Guka."

Akaniosha kwa sabuni, akangoja mkono ukauke, akapima upya. Kiwango cha kawaida kwa umri wangu. Dawa zangu za sukari naendelea nazo, na damu bado watapima, lakini miguu yangu...

Asante Mungu.

Dada yangu Njeri, wa Kalimoni, anapimwa kesho asubuhi, naye hujipaka kuliko mimi. Mimi hataniamini; mwanangu, mpigie wewe simu sasa hivi, umwambie aoshe mkono na asipake kitu.