Msumari Chini ya Meza

Kwa Bi Sabaha,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Desemba 1956.

Mpendwa Kaka Onesphory,

Shikamoo kaka, na shikamoo nyingine mpe wifi Clotilda. Mgongo wake umepata nafuu? Je, korosho mmekwisha okota, au mvua imewawahi? Na Severa bado anakataa kula mboga? Sisi hapa mwilini tu wazima, hatuna homa wala kikohozi. Rohoni ndiko hatuko sawa, na ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Nilitaka kukuandikia tangu wiki iliyopita, lakini kila niliposhika kalamu ilitoboa karatasi. Nikasema ningoje hasira ishuke. Haijashuka yote, basi utanivumilia.

Kwanza ya nyumbani. Bado nimepanga chumba kilekile kwa Bi Sabaha. Yeye ni mtu mwema, ila waliomwaga sakafu ya nyumba yake sijui siku hiyo walikuwa wamekunywa nini. Sakafu imeinama kutoka ukutani mpaka mlangoni. Chungwa likinidondoka silifukuzi, nakwenda kulingoja mlangoni. Kila kitu chenye miguu nimekitia matambara chini, na hata hivyo chai inakaa upande kikombeni. Nimekwisha zoea.

Miezi michache nyuma nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mwanao Vitalis amelala kifudifudi chumbani. Mbele yake kaweka ubao mrefu, juu ya ubao kalaza chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi, na uzi ameubana kwa meno. Maji yalikuwa yanavuja mpaka kwenye mkeka wangu. Nilimgombeza, kaka. Nilimwambia baba yako hakukutoa Masasi uje kuchezea chupa Dar es Salaam. Akaukunja uzi wake na kuutia mfukoni. Hilo uliweke akilini, nitalirudia.

Sasa nije kwenye lililonichafua moyo.

Ulimleta mtoto kwangu kwa sababu ulisikia shule hii ya kati ina karakana na mwalimu wa kazi za mikono. Ulisema atatoka na masomo kichwani na randa mkononi, na hatakuja kulala njaa. Karakana ipo, kaka, sikatai. Mwalimu yupo, anaitwa Mwalimu Uwesu. Hata mbao nzuri zipo, maana Bwana Devendra mwenye duka la mbao kila mwaka huwapa wanafunzi bure. Ila mwaka huu mbao zile zimegeuka milango, madirisha na kitanda cha Mwalimu Mkuu, ambaye anajenga nyumba Ilala. Kipindi cha ufundi kikifika, watoto hupelekwa huko kupiga msasa milango yake na kubeba udongo. Siku chache walizobaki darasani walipewa mbao za makasha ya sabuni, wakaambiwa watengeneze watakacho. Mimi haya yote sikuyajua. Vitalis alikuwa akirudi na vumbi la mbao kichwani, nami namsifu kwamba leo amesoma.

Ilipofika siku ya maonyesho ya kazi za mikono, tulialikwa wazazi wote. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Vitumbua sikuchoma siku hiyo, na wateja wangu nikawaacha na njaa zao. Karakana ilikuwa imefagiwa, mabenchi yamefunikwa kwa vitambaa, na kila mwanafunzi amesimama nyuma ya kazi yake. Vitalis alisimama nyuma ya meza, kaka, meza ya maana, imepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Mbele yake kuna kadi yenye jina lake kwa herufi nzuri.

Mgeni wa heshima alikuwa mkaguzi wa elimu, Mzungu ambaye ndiyo kwanza ametoka Ulaya, Kiswahili hajakijua. Akapita na Mwalimu Mkuu, akasimama kwa Vitalis, akamwuliza kitu kwa Kiingereza. Mtoto akajibu huku akijigusa kifuani. Nilijua ameulizwa nani katengeneza naye amesema ni yeye. Machozi yalinitoka. Nilimgeukia mama aliyekuwa karibu yangu nikamwambia yule wetu, baba yake ni kaka yangu.

Walipopita kidogo nikajipenyeza niishike meza ya mwenetu. Nikapitisha kiganja juu. Chini ya vanishi nikaona duara jeusi limefifia. Nikasema hapana, ni macho yangu. Nikaingiza mkono chini ya ukingo, na mkono ukaukuta msumari.

Kaka, msumari ule naujua. Fundi Seifu, seremala wa pale pembeni mwa soko ninapouzia uji, alinipigilia yeye mwenyewe nipate pa kutundikia upawa. Meza ile iliagizwa na mtu akahamishwa kazi, hakurudi kuichukua, ikakaa kibandani kwa Seifu muda mrefu, nami ndiyo niliyokuwa natulizia sufuria. Lile duara ni la sufuria yangu! Juzijuzi Seifu aliniambia meza imepata mwenyewe, nikafurahi kwa ajili yake. Kumbe mwenyewe ni shule. Hawakuwa na cha kumwonyesha mkaguzi kwa sababu kazi ya mwaka mzima imo katika nyumba ya Ilala, basi wakaenda kununua ufundi Kariakoo. Na si meza hiyo tu. Nilipoangaza macho niliona stuli za Seifu mbili, na kabati la jirani yake.

Nikamwuliza Vitalis kwa sauti ya chini, "Hii umetengeneza wewe?"

Akaangalia kadi. Akasema, "Mimi, shangazi."

Nimeuza chakula sokoni miaka mingi, nimeona nyama yenye funza ikifutwa na kuuzwa upya, nimekanyaga maji ya mitaro ya Kariakoo wakati wa masika. Sijapata kuona kinyaa kama nilichokiona kwa mtoto yule, mtoto wetu, akinitazama usoni na kusema uongo aliofundishwa shuleni.

Sikunyamaza. Unanijua. Nilisema kwa sauti, karakana yote isikie, kwamba meza hii ni ya Fundi Seifu, na msumari wa upawa wangu huu hapa, atakaye aje aushike. Mwalimu Mkuu alikuja mbio huku akitabasamu, meno yote nje.

"Mama, taratibu, hapa si sokoni."

"Kama si sokoni, meza ya sokoni imefuata nini humu?"

Wazazi wengine waliguna. Mkaguzi akauliza kuna nini. Mwalimu Mkuu akamweleza kwa Kiingereza, maneno mengi na mikono mingi. Mzungu akanisikiliza kwa macho, akatabasamu, akanipa mkono. Nikaushika kwa nguvu. Nikasema moyoni, haya, kweli imefika.

Njiani kurudi nilimwuliza Vitalis, Mzungu aliambiwa nini. Akasema, "Aliambiwa umeipenda sana meza, shangazi, unaomba uinunue."

Kwa hiyo nilipongezwa. Nilisimama pale na gauni langu la Pasaka nikipongezwa. Na Bwana Devendra alikuwepo, lugha zote mbili anazijua, alikuwa amesimama palepale akitazama dari. Alinikuta nje getini akaniambia, "Mama, umesema kweli, lakini mimi nina duka." Nikamwambia asante kwa mbao.

Nilipofika nyumbani nilimkalisha mtoto. Sikumpiga, ingawa mkono ulikuwa unawasha. Akanieleza kwamba walikuwa wakipangwa mstari na Mwalimu Uwesu, kila mmoja anapewa kitu chake cha kusema kuwa ni chake. Walifundishwa wakiulizwa miguu imeunganishwa vipi wajibu nini, kwa Kiingereza, na aliyebabaika alichapwa. Mwaka mzima wa ufundi, kaka, hilo ndilo somo walilofundishwa kwa bidii mpaka wakaliweza.

Nikamwuliza, wewe mwenyewe hukutengeneza kitu chochote? Akasema alitengeneza meza ndogo, ila ni mbovu, imeinama upande, Mwalimu Uwesu ameitupa kwenye kuni za uji. Nikasimama. Akanishika gauni, akasema, "Iache, shangazi, mbaya ile. Utachekwa."

Nilirudi shuleni jioni ileile. Niliikuta nyuma ya jiko, mpishi anakatia vitunguu juu yake, akaniachia bila maneno. Ni ya mbao za kasha la sabuni, maandishi ya sabuni bado yapo kwa chini. Nilijitwika kichwani nikapita nayo Mtaa wa Msimbazi. Kweli nilichekwa. Miguu miwili mirefu, miwili mifupi, hata mtoto mdogo angeona. Nilifika nikaisukuma ukutani, nikalala na hasira zangu.

Siku iliyofuata Mwalimu Uwesu alinijia kibandani, katumwa. Aliketi kwenye kibao changu akala vitumbua vyangu huku akinipa masharti. Niende mbele ya walimu wote niombe radhi, niseme nilifananisha meza. Vitalis achapwe fimbo mbele ya shule kwa kukosa kumzuia shangazi yake. Tusipokubali kabla ya shule kufunguliwa Januari, jina lake linafutwa, na mtihani wa darasa la nane atausikia kwa wenzake. Nilimwuliza kwa nini aliitupa kazi ya mtoto. Akasema mtoto alijitetea kwamba ameipimia nyumbani kwangu. "Nikamwambia meza hupimwa kwa meza, haipimwi kwa nyumba ya shangazi yako." Akajifuta mafuta mdomoni, akaenda zake. Ile sahani aliyolia vitumbua niliisugua kwa majivu mara mbili.

Maneno yale ya kupima yalinikaa kichwani. Nilirudi nyumbani, nikaitazama ile meza niliyoisukuma ukutani bila kuijali. Miguu mirefu ilikuwa imeelekea ukutani. Nikaigeuza, mirefu ikaelekea mlangoni. Ikatulia tuli. Nikaisukuma kwa kidole, haikutikisika. Nikamimina chai, nikaweka kikombe juu, nikainama kutazama. Chai ililala sawasawa, kaka, mara ya kwanza tangu nihamie chumba hiki, na hakuna tambara hata moja chini. Ndipo nikakumbuka chupa, na ubao, na uzi, na jinsi nilivyomfokea.

Vitalis alikuwa mlangoni akinitazama. Aliniuliza, "Kwa hiyo si mbovu?" Nimewachukia watu wale kwa meza yao ya uongo, lakini kwa swali lile nimewachukia zaidi. Wamemfanya mtoto aionee haya kazi yake na asimame kifua mbele na kazi ya mwingine.

Basi kaka, uamuzi ni wako, mtoto ni wako. Mimi kwa hiari yangu siendi kuomba radhi. Seifu amesema yuko tayari kumchukua ajifunze kwake, lakini najua huko hakuna cheti, na bila cheti hatakuwa mwalimu kama ulivyotaka. Najua pia ulivyojinyima ili asome. Ukiniandikia kwamba niende, nitakwenda, nitapiga magoti mbele ya yule mtu na meno yake, nitasema nilifananisha. Nikirudi nitatapika, lakini nitakuwa nimekwenda. Nijibu mapema kabla ya Januari. Barua hii naiandika juu ya meza ile, na wino haujanimwagikia.

Nisalimie wifi na Severa, mama mkubwa na wote wa kwa Mzee Chilumba, na mpe pole jirani aliyefiwa. Bi Sabaha anakusalimu, anasema ukija Dar es Salaam usimkose. Mungu awalinde na awape kicheko kuliko sisi.

Vitalis anawaamkia. Nimemwuliza anataka nikuambie nini kuhusu shule, amesema nisikuambie kitu, utaamua mwenyewe. Ila ana ombi moja kwa mama yake. Amsikie anavyosema: alaze ubao mnyoofu wa futi mbili, urefu wa meza ndogo, sakafuni pale anapokaa kuchambua mboga, juu yake alaze chupa ya maji, ainue ubao upande wa chini mpaka maji yalale sawa, halafu akate uzi sawa na pengo lililobaki chini ya ubao. Uzi huo ututumie ndani ya barua yako ya jibu, hata jibu likiwa lipi.

Mdogo wako asiyekutoa moyoni,
Benedikta