Pini Midomoni

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, na cherehani yangu imepona. Ile hasira yangu uliyoiogopa siku zote nimeipatia dawa. Mteja akija kunifokea kuhusu gauni lake, nabana pini midomoni kana kwamba napima pindo. Hadi nizitoe, yeye keshapoa, nami nimeshasahau tusi nililomwandalia. Wateja wameongezeka, na shemeji yako anasema hata nyumba imetulia.

Jioni hii mwenyewe kaniletea kikopo cha pini, akakaa mbali kidogo.

"Mke wangu, bana kwanza, halafu nikuambie."

Nikabana. Akasema mama yake anakuja, na haji kutembea, anahamia.

Nakuandikia kwa sababu bado sijazitoa.

Mdogo wako,
mpole kwa sasa