Mama Anamtaka Anayetembea

Kaka mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya saluni nzima, wateja wake na kioo chake chenye ufa, natangaza rasmi kuvunjika kwa kiti chako cha kukunja. Kilivunjika mguu wa nyuma siku ya Jumamosi, mbele ya mashahidi. Aliyekuwa amekikalia, Mama Riziki wa ghorofa ya juu, hakuumia. Kiti hakitatengenezwa.

Unakumbuka ulivyokileta. Ulipanda nacho ngazi za jengo letu hapa Albert Park, lifti ikiwa imekufa kama kawaida, ukakifungua katikati ya saluni ukasema hiki ni kiti cha mwongozaji wa filamu, asikikalie mtu. Nikakuuliza mwongozaji mwenyewe atakaa wapi. Ukasema kazi imeisha, amerudi kwao. Baadaye ikajulikana kwamba kilikuwa cha wale wa kupika chai. Kila mtu alikikalia isipokuwa wewe, maana wewe kukaa ulikuwa hujui.

Kusimama ndiyo ilikuwa kazi yako. Wale wageni walipokuja Durban kupiga filamu, nusu ya jengo ilikwenda kuomba kuwa ekstra, watu wa kupitapita nyuma ya wenye maneno. Wewe ulirudi na cheo.

"Mimi si ekstra," uliniambia huku ukipangusa viatu. "Mimi ni dublure. Urefu wangu na wa staa ni mmoja, rangi moja. Yeye akiwa ndani ya gari anakunywa kahawa, mimi nasimama pale atakaposimama. Fundi taa ananiwekea taa, mpiga picha ananipimia kamera. Yote ikiwa sawa, staa anakuja, mimi natoka."

"Na kwenye filamu unaonekana wapi?"

"We naye, hujui sinema."

Kweli sikujua. Nilijifunza kwako, vidole vyangu vikiwa kwenye vichwa vya watu. Mtayarishaji ndiye anayetafuta pesa, mwongozaji ndiye anayezimaliza. Msaidizi wa mwongozaji anapiga kelele ili watu wanyamaze. Kuna anayeshika maiki kwenye fimbo ndefu na siku nzima haruhusiwi kukohoa. Kuna mama wa mwendelezo, kazi yake kukumbuka jana kikombe kilikuwa mkono gani. Nikasema huyo angekufaa, wewe usiyejua ulikoacha funguo. Mhariri ulimtaja mwishoni, tena bila heshima. "Yule anakaa chumbani na kompyuta, anakata. Wewe umesimama juani kutwa, yeye anakutupa huku anatafuna biskuti."

Halafu ile siku ulipanda ngazi mbio. "Wamenipiga! Mgongo wangu!" Staa alikuwa amechelewa, jua linahama, mwongozaji akaamua dublure avalishwe lile koti la kijani na kofia, apande mtaa wa Overport kuanzia kwenye robot, zile taa za barabarani, apigwe kwa nyuma. Ukatembea tena mbele yangu, katikati ya viti na ndoo, bega la kushoto likitangulia kama ulivyotembea maisha yako yote. "Iko kwenye filamu," ukasema. "Mwambie Mama." Nikamwambia Mama, naye kule nyumbani akaiambia Uvira nzima.

Filamu ilikuwa haijatoka ulipougua. Ulipofariki tulifanya kama watu wetu wanavyofanya: fundi wa video wa kanisani alipiga mazishi yote, kutoka mochwari hadi koleo la mwisho la udongo, ili walio nyumbani nao wazike. Mama hakuwa na karatasi za kusafiria. DVD ikasafiri badala yake. Aliiweka, akaizima kwaya ikiwa bado inaimba, akanipigia.

"Huyu mwenye analala simutaki. Unitumiye mwenye anatembea."

"Mama, picha zake iko nyingi hapa, nitakutumia."

"Picha inasimama. Mi nasema mwenye anatembea."

Tangu hapo kila simu inaanzia hapo na kuishia hapo. Haniulizi hata kama nimekula.

Nimechoka, Kaka. Nasimama kuanzia asubuhi, nasuka, jioni miguu imejaa kama mikate. Tulikuwa familia ya watu wa kusimama, sasa nimebaki peke yangu kwenye kazi hiyo. Filamu ilipofika kwa wauza DVD wa Umbilo Road nikainunua, nikaiweka pale saluni. Nikaliona koti la kijani. Mgongo, robot, kilima, na bega la kushoto likitangulia, au ni macho yangu yaliyolisukuma. Nikaisimamisha pale mpaka mteja akauliza, "Dada, hizi nywele zangu zinaendelea ama nirudi Krismasi?"

Jumamosi nikamwonyesha Mama Riziki. Siku ile ya koti la kijani alikuwa ekstra, mama wa kushuka mtaa na mfuko. Akakaa kwenye kiti chako, akaangalia, akaanza kucheka.

"Eish! Kaka yako njo aliua ile siku! Mi nashuka na mufuko, yeye anapanda. Walisema tupitane tu, kama hatujuane. Akifika kwangu anasimama, anatoa kofia, anainama: 'Jambo, Mama. Na watoto?' Wanasema kati, yaani musimamishe! Tunaanza tena. Anapanda, anafika: 'Jambo, Mama.' Kati! Ule wa kupiga kelele karibu alie. Nikamwambia, mwanangu, unipite tu, sitakasirika. Akasema, 'Mama, najaribu, mwili unakataa.'"

"Halafu?"

"Halafu jua likaisha! Kesho yake wakaleta staa, akapita."

Akacheka tena, akajitupa nyuma, na hapo ndipo mguu wa kiti ulipokatika. Nilimwinua. Hukunidanganya, Kaka. Ulisema wamekupiga, na walikupiga. Kilichofuata hukukisema, na kesho yake ulikwenda ukasimama palepale, wakakupimia taa kwa ajili ya mtu anayejua kupita.

Jumapili Mama akapiga. "Mwenye anatembea iko wapi?"

Nikashuka kwa fundi wa simu, nikamwelekeza: anzia kwenye robot, kata hapa. Akakata, tukaituma kwenye simu ya jirani wa Mama. Sikungoja sana.

"Ni yeye," Mama akasema. "Ile bega. Alinenepa kidogo."

"Ni koti, Mama."

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Juu, Mama. Alikuwa anapanda tu."

Nikasikia anamwambia jirani arudishe mwanzo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, ingawa bado.

Pumzika, Kaka. Umesimama vya kutosha, na mimi sasa naenda kukaa kwenye ndoo, maana kiti hakipo.

Mdogo wako, ambaye naye siku hizi ni mhariri.

Nyongeza: Kile nilichokata ninacho hapa kwenye simu. Mama Riziki anashuka na mfuko wake. Mwenye koti la kijani anampita bila kumsalimu.